Mnyonya damu mwenye msalaba ukutani: majibu kwa wasomaji wa Twilight

Mwezi huu meza ya vitabu imejaa barua za jambo moja. Vitabu vinne vya mfululizo wa Twilight, vya Stephenie Meyer, mwandishi wa Marekani, vilitoka kati ya 2005 na 2008, na filamu tano zikafuata kati ya 2008 na 2012. Wengi wenu mliziona filamu kwenye vibanda umiza kabla ya kushika kitabu, na maswali yenu yanaonyesha hivyo.

Kwa asiyejua habari yenyewe: Bella Swan, msichana wa miaka 17, anahamia Forks, kamji ka mvua katika jimbo la Washington, na huko anampenda Edward Cullen. Edward ana sura ya kijana wa miaka 17, lakini alizaliwa Chicago mwaka 1901 na aligeuzwa kuwa mnyonya damu mwaka 1918, alipokuwa anakata roho kwa ile homa kali ya mafua iliyozunguka dunia. Familia yake ina watu saba, wote wa hali hiyo, na wanajizuia: wanakunywa damu ya wanyama tu. Mpangilio wa vitabu ni Twilight, New Moon, Eclipse na Breaking Dawn. Namba za sura tunazotaja ni za vitabu.

Shikamooni. Mwanzoni mwa kitabu cha kwanza kuna aya ya Mwanzo 2:17, na jaladani kuna mikono imeshika tufaha. Mwalimu wetu anasema ni Adamu na Hawa, basi. Mimi ni Muislamu na naona kama kuna kitu kingine. Naweza kukiandika kwenye insha?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Chumbageni*

Marahaba. Mwalimu yuko sahihi kwa nusu ya kwanza ya Twilight. Baada ya hapo hoja yako ina nguvu kuliko yake.

Anza na kilichoandikwa. Biblia ya Union inasema: "walakini matunda ya mti wa ujuzi wa mema na mabaya usile, kwa maana siku utakapokula matunda ya mti huo utakufa hakika." Tufaha halimo. Wachoraji wa Ulaya ndio walioliweka mkononi mwa Hawa, na mara nyingi hutajwa kwamba katika Kilatini neno la uovu na neno la tufaha huandikwa sawa. Kwa hiyo jalada linafuata michoro, nukuu inafuata Maandiko. Usivichanganye.

Sasa jiulize Bella anatamani nini. Ujuzi? Mwisho wa sura ya 9 ameshajua Edward ni nani, na kujua hakumzuilii kitu. Anachoomba kuanzia hapo ni kutokufa na kutozeeka. Chukua mahali patatu: tamati ya Twilight, usiku wa dansi ya shule, anapotaka aumwe shingo pale pale, sura ya 1 ya New Moon, anapoota bibi kizee na kugundua kwamba ni yeye mwenyewe kwenye kioo, na sura ya 24 ya kitabu hichohicho, anapoitisha kura ya familia nzima ili akubaliwe kugeuzwa. Hapo ndipo Surat Twaha ya Qur'ani, aya ya 120, inapokaa sawa kuliko Mwanzo: Shetani anamnong'oneza Adam habari za mti wa milele na ufalme usiochakaa. Hakumtajia mti wa ujuzi.

Kosa litakalokupotezea alama ni kuandika kwamba Meyer aliichota Qur'ani. Hakuna ushahidi wa hilo. Andika kwamba msomaji aliyelelewa na Twaha huuona mti huo. Hiyo ni hoja ya usomaji, na haikudai uthibitishe nia ya mwandishi aliye Arizona, Marekani.

Kisha onyesha riwaya inapoachana na vitabu vyote viwili. "Utakufa hakika" inatimia: sura ya 18 ya Breaking Dawn moyo wa Bella unasimama akijifungua. Lakini katika Twaha ahadi ya milele ni ulaghai, na kwa Meyer ahadi inatimia, tena kwa bei ya kutupa. Kwa vitabu vitatu tumeambiwa kwamba aliyegeuzwa karibuni hushindwa kujizuia kwa muda wa mwaka hivi. Bella anaamka sura ya 20 na kiu yake anaimudu siku hiyohiyo. Mwandishi aliweka deni kubwa halafu akalisamehe mwenyewe. Mtahini atafurahi ukimwonyesha ukurasa.

Binti yangu ana miaka 14 na amekimaliza kitabu cha kwanza kwa siku mbili. Watu wananiambia ni mambo ya kishetani na mapenzi ya ovyo. Nimnyang'anye?
*Mama wa Ngamiani, Tanga*

Usimnyang'anye, mama. Atavisoma kwa rafiki yake, na wewe utakosa la kumuuliza.

Kwa upande wa mapenzi, vitabu hivi vina haya kuliko tamthilia nyingi za saa mbili usiku. Sura ya 20 ya Eclipse Bella ndiye anayemtaka Edward kabla ya ndoa, na Edward ndiye anayekataa: anasema ameshaua, ameshaiba, ameshasema uongo, na usafi wake wa mwili ndio kitu pekee kilichobaki. Harusi iko sura ya 3 ya Breaking Dawn. Fungate iko sura ya 5. Tendo lenyewe halielezwi, ila asubuhi Bella ana michubuko mwilini. Sura ya 18, ya kujifungua, ina damu nyingi na inatisha hata kwa mtu mzima. Kwa miaka 14, tungemwachia vitabu viwili vya kwanza, cha tatu asome huku mnaongea, cha nne kingoje kidogo.

Ushetani si wa kukunyima usingizi. La kukuhangaisha ni tabia za huyo kijana mzuri. Sura ya 14 ya Twilight Edward anakiri kwamba karibu kila usiku anaingia chumbani kwa Bella kumtazama amelala, naye Bella hakujua. Mwanzoni mwa Eclipse anatoa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumwona Jacob, rafiki yake anayegeuka mbwa-mwitu. Kitabu kinayaita mapenzi. Na Edward anapoondoka, katika New Moon, kurasa nne zina jina la mwezi tu, Oktoba mpaka Januari, bila neno lingine. Ni njia nzuri ya kuonyesha msichana aliyezimika, lakini baadaye anaruka baharini kutoka jabalini ili asikie sauti ya mvulana kichwani.

Kaa naye kama somo anavyokaa na mwari, mlango umefungwa, kitabu kati yenu. Muulize: angekuwa si mzuri wa sura na si tajiri, ungemruhusu? Angekuwa mume wa dada yako na ametoa plagi kwenye gari la dada, tungefanya nini? Majibu yake yatakuonyesha amesoma nini humo.

Huku kwetu mtu akipendwa na kiumbe kisichozeeka, kizuri kupita kiasi, kinachomjia usiku na kinachomfanya asitake mwanamume mwingine, jina lake linajulikana. Edward si jini mahaba tu huyo?
*Msomaji wa Pangani*

Kwa dalili, anafanana naye sana: anakuja usiku, ana wivu, ngozi yake haina joto la binadamu, na mgonjwa hataki kupona. Hata wazazi wa Bella wanaona mtoto amekonda na amekuwa mkimya. Mganga wa Pangani angeshatoa orodha ya vitu vya kununua.

Kwa asili, hapana. Jini ameumbwa jini: Surat Ar-Rahman aya ya 15 inasema ni kwa ulimi wa moto, na katika Surat Al-Jinn wao wenyewe wanasema miongoni mwao wamo Waislamu. Wana umma wao na hesabu yao. Edward alizaliwa na mama, akaugua, akaumwa. Swali linalomtesa, jini hana haja nalo: nilikuwa mtu, je, bado ninayo roho?

Hapa Kiswahili kinatufaa kuliko Kiingereza. Kwetu roho ni ile inayotoka mtu anapokufa, na roho ni tamaa pia: roho yangu inataka kitu fulani. Roho ni koo vilevile, ndiyo maana tunasema mtu amekabwa roho. Kiu ya wanyonya damu wa Meyer inachoma kooni, kila kitabu kinarudia hivyo. Kwa hiyo tukiuliza kwa Kiswahili "Edward ana roho?", tunauliza mambo matatu kwa pumzi moja, na la pili na la tatu jibu lake ni ndiyo, anayo, tena inamuunguza. Lililobaki ni la kwanza. Ukitaka kulitenganisha unapoandika, tumia nafsi, kama Mwanzo 2:7, "mtu akawa nafsi hai".

Na mumiani je?
*Muheza, jina limehifadhiwa*

Mumiani ni mambo mengine kabisa. Neno lina asili ya Kiajemi na lilitaja dawa nyeusi kama lami, iliyotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu. Baadaye ikasemwa kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya watu, na wakati wa ukoloni wa Waingereza uvumi ukawaangukia wazimamoto na wengine wenye sare na magari. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi wa namna hiyo Afrika Mashariki na ya Kati, kilichotoka mwaka 2000.

Mumiani haoni kiu. Anachukua damu kwa sababu kuna mnunuzi. Ni hadithi ya biashara na utawala, na mwenzake wa kweli Ulaya ni Dracula wa Bram Stoker, 1897, yule bwana anayeanza kwa kununua nyumba London. Ukimfananisha mumiani na Edward utalazimisha. Mmoja ni mchuuzi, mwingine ni kama mtu aliyefunga saumu.

Mimi ni mwalimu wa dini. Nashangaa: mnyonya damu nijuavyo anakimbia msalaba, hawa wameutundika nyumbani. Na ni kweli kwamba vitabu hivi vinafundisha Umormoni?
*Korogwe*

Maswali mawili, na la kwanza ndilo tamu.

Msalaba huo uko mwisho wa sura ya 15 ya Twilight. Ni wa mbao, umechongwa miaka ya 1630 na baba wa Carlisle (Carlisle ndiye mkuu wa familia ya Cullen), na ulikuwa juu ya mimbari. Asili yake inaelezwa hapo hapo na katika sura ya 16. Baba alikuwa mchungaji wa Kianglikana London, mwindaji wa wachawi na wanyonya damu, na mara nyingi alikamata wasio na hatia. Mwanawe akarithi kazi, akawa mwangalifu zaidi, akawapata wa kweli, akaumwa akiwa na miaka 23. Alijificha siku tatu kwenye viazi vilivyooza asisikike akigeuka. Kisha akajaribu kujiua: akajitupa kutoka juu, akajizamisha, akajinyima. Njaa ikampeleka kwenye kundi la paa, na hapo akagundua kwamba anaweza kuishi bila kuua mtu. Baadaye akasomea udaktari.

Sasa linganisha na Dracula. Humo msalaba unafukuza, na Profesa Van Helsing anatumia mpaka mkate mtakatifu wa Ekaristi kuziba kaburi. Hatari iko nje na kitu kitakatifu ni ukuta. Kwa Meyer ukuta umeondolewa: msalaba haufukuzi, vitunguu saumu havifukuzi, na jua linawang'arisha tu bila kuwaunguza. Hatari imehamia ndani, kwa hiyo kinga nayo imehamia ndani: kujizuia. Msalaba uliokuwa silaha ya mwindaji umekuwa kumbukumbu ya mtoto kwa baba aliyekuwa angemuua.

Msomaji anayefunga Ramadhani anaielewa hali hii haraka. Aliyefunga njaa anayo, na chakula anakiona. Tofauti ni kwamba kwa Carlisle magharibi haiingii na futari haifiki. Anafunga zaidi ya miaka 300, tena akifanya kazi hospitalini, damu mbele yake. Hapa ndipo mfululizo huu una uzito wa kweli, kuliko penye kubusiana.

Wanajiita kwa mzaha wala mboga, lakini tusiwape fatwa ya bure. Damu yoyote imekatazwa: Al-Maida aya ya 3, Mambo ya Walawi 17, Matendo 15:29. Walawi 17:11 inatoa na sababu, "uhai wa mwili u katika hiyo damu". Anachoweza kukidai Carlisle ni dharura, na Al-Maida 3 hiyohiyo inamtaja aliyeshurutishwa na njaa bila kuelekea kwenye dhambi. Yeye mwenyewe hadai zaidi ya hapo. Sura ya 2 ya New Moon, akishona mkono wa Bella, anasema anatumaini watahesabiwa angalau kwa kujaribu, hata kama wamelaaniwa. Edward anaamini wameshapoteza nafsi, ndiyo maana anakataa kumgeuza Bella. Soma sura hiyo kabla ya kusoma ya 20, pale Volterra, Italia: Edward anapoguswa na Bella anadhani yeye mwenyewe ameshakufa, na anakiri kwamba Carlisle alisema kweli. Neno la kidini zito kuliko yote katika vitabu vinne liko hapo, na filamu inalipita mbio.

La pili. Meyer ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo linaloitwa la Wamormoni, lililoanzishwa Marekani mwaka 1830, na alisoma fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Brigham Young, ambacho ni cha kanisa hilo. Katika vitabu familia ya Cullen haina dhehebu hilo. Wahakiki huonyesha mahali panapogusana: kanisa hilo linafundisha kwamba ndoa iliyofungwa hekaluni haivunjwi na kifo, na Breaking Dawn inaishia kwenye ndoa na familia isiyo na mwisho, linasisitiza uhuru wa kuchagua, na Edward anajitambulisha kwa alichokichagua, si kwa alivyo, na linaona kula tunda kwa Adamu na Hawa kulifungua njia ya furaha, si msiba mtupu. Hili la tatu linaeleza kwa nini Bella anakula tunda, anakufa, na kitabu kinashangilia.

Lakini kugusana si kufundisha. Kila unapoona fundisho, jaribu kwanza kulieleza kwa kanuni za riwaya ya mapenzi, ambazo nazo zinapenda ndoa na furaha isiyoisha. Likielezeka, usiliite fundisho la kanisa. Ua la tulipu kwenye jalada la New Moon watu wamelitafsiri mpaka wakachoka, na mwandishi amesema hakuhusika kulichagua. Jalada la Breaking Dawn ni kinyume: malkia wa sataranji mbele na askari mdogo nyuma, na huyo ni Bella alikoanzia na alikofika.

Nimesikia kila kitabu kimeegemea kazi ya zamani. Ni zipi, na ipo hata moja tunayoweza kuisoma kwa Kiswahili?
*Mwanachuo, Tanga mjini*

Mwandishi ametaja mwenyewe: Twilight na Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813, New Moon na Romeo and Juliet ya Shakespeare, Eclipse na Wuthering Heights ya Emily Brontë, 1847, Breaking Dawn na tamthilia mbili za Shakespeare, A Midsummer Night's Dream na The Merchant of Venice.

Zile za mwanzo zinaonekana bila tochi. Katika New Moon tazama ujumbe unavyopotoka. Kwa Shakespeare barua ya padri haimfikii Romeo kwa sababu mpelekaji amefungiwa kwa hofu ya tauni. Kwa Meyer, Edward anapiga simu nyumbani kwa Bella, anaambiwa baba mtu yuko mazikoni, anadhani ni ya Bella, kumbe ni ya mzee mwingine. Eclipse inafunguliwa na shairi la Robert Frost juu ya dunia kuisha kwa moto au barafu, na sura ya 22 ina jina la shairi hilo: Bella anaganda ndani ya hema mlimani, Edward baridi kama jiwe hawezi kumsaidia, Jacob mwenye joto la homa ndiye anayemkumbatia.

Ya Kiswahili ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, 1969. Tafuta nakala maktabani au kwa wauza vitabu vya zamani, na ukiwa na haraka soma tendo la nne, onyesho la kwanza tu.

Kumbuka kesi ilivyo. Antonio alidhamini mkopo wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Akishindwa, Shylock atamkata ratili moja ya nyama. Ameshindwa. Portia anaingia amevaa kama mwanasheria, anaomba huruma, anakataliwa. Basi anaishika sheria yenyewe: mkataba unasema nyama, haukusema damu. Kata, ila tone lisidondoke. Kesi imekwisha bila kisu kugusa mtu.

Sasa Breaking Dawn. Bella amezaa mtoto, Renesmee. Mnyonya damu mmoja anamwona kwa mbali, anadhani ni mtoto mchanga wa kibinadamu aliyeumwa na kugeuzwa, jambo ambalo sheria ya Volturi, watawala wao wa Volterra, inaadhibu kwa kifo cha wote wanaohusika. Volturi wanakuja na jeshi na mashahidi. Cullen nao wanakusanya mashahidi. Utetezi wao ni wa Portia neno kwa neno: sheria inakataza mtoto aliyegeuzwa, na huyu amezaliwa. Alice, mmoja wa familia ya Cullen, analeta kijana kutoka Amerika Kusini, Nahuel, wa mama binadamu na baba mnyonya damu, mwenye miaka 150, kuthibitisha kwamba watoto wa aina hiyo hukua, hukomaa kwa miaka saba hivi, na si hatari kwa siri yao. Volturi wanaondoka.

Mwandishi ameacha ufunguo wazi. Alice anapotoroka anaandika ujumbe kwenye ukurasa aliouchana kutoka nakala ya Bella ya The Merchant of Venice, na ndani ya kitabu hicho Bella anakuta jina la mtu wa kutengeneza hati bandia. Aliyeona filamu tu ni rahisi kuyapita haya, kwa sababu filamu imeongeza vita kubwa ambayo baadaye inageuka kuwa maono. Ndani ya kitabu hakuna vita. Wasomaji wengi walilalamika. Ukishasoma tendo la nne unaona kwamba kumwaga damu kungeharibu hesabu nzima.

A Midsummer Night's Dream iko sehemu ya pili, inayosimuliwa na Jacob. Utomvu wa ua unaopakwa machoni mwa aliyelala, akiamka anampenda wa kwanza kumwona: ndiyo ile hali ya Jacob kufungwa ghafla na mtoto mchanga. Kwa Shakespeare ni kichekesho na dawa yake ipo. Kwa Meyer haina dawa, na haichekeshi.

Tuko watu 10, tunataka kusoma vyote vinne pamoja kila Jumamosi. Tupange vipi?
*Kikundi cha Raskazone*

Jumla ni sura 114: 24, 24, 27 na 39, bila dibaji na tamati. Pangeni wiki 13. Twilight wiki mbili, sura 12 kila wiki. New Moon hivyohivyo. Wiki ya tano wekeni vitabu pembeni msome Romeo and Juliet, tendo la pili na la tano. Eclipse wiki tatu, sura tisa tisa. Breaking Dawn wiki nne kwa kufuata sehemu zake: 1 mpaka 7, 8 mpaka 18, halafu 19 mpaka 28, na 29 mpaka 39. Wiki ya Mabepari wa Venisi iwe kabla ya hiyo ya mwisho.

Nakala: tano, moja kwa watu wawili, kila mmoja siku tatu. Sura 12 ni kama kurasa 250, yaani 80 hivi kwa siku, inawezekana. Mkigawana nakala moja watu watatu, wa tatu hufika Jumamosi hajasoma, ananyamaza, wiki ya pili haji.

Kikundi kitapungua katikati ya New Moon. Edward hayupo kuanzia sura ya 4 mpaka ya 20 na wapenzi wake huchoka. Mwambie mtu mmoja asimulie sura ya 5 mpaka ya 10 kwa dakika 15. Ugomvi wa dini utazuka wiki ya pili, penye msalaba. Sheria iwe moja: anayetaka kusema kitabu kinakufuru, asome kwanza sentensi hiyo kwa sauti. Wengi hawaipati.

Kabila la Quileute, la kina Jacob, ni la kweli, au mwandishi amelitunga?
*Pongwe*

Ni la kweli, wako La Push, pwani ya jimbo la Washington. Simulizi zao zinasema mababu zao walikuwa mbwa-mwitu waliogeuzwa kuwa watu. Uadui na wanyonya damu, mkataba na mipaka, hayo ni ya Meyer. Fikiria mgeni achukue watu wa Mtang'ata, huku kwetu Tanga, kwa jina lao, abuni mizimu yao, auze mamilioni: ungetaka angalau msomaji ajue kipi ni cha Mtang'ata na kipi ni cha mgeni. Na mwishoni mwa Breaking Dawn kitabu kinasema kina Jacob si wale wanaogeuka kwa mbalamwezi; ni watu wanaobadili umbo, na la mbwa-mwitu limetokea tu.

Ile kauli ya Edward ya simba kumpenda mwana-kondoo, sura ya 13, iko aya gani ya Biblia? Tunabishana kazini.
*Bandarini, Tanga*

Haiko. Mnachokumbuka ni Isaya 11:6, na humo anayekaa na mwana-kondoo ni mbwa-mwitu. Mwana-simba yuko na ndama. Aliyekuwa upande wa Jacob hapo kazini ameshinda.